Kichwa Kikitangulia Mvua: Mwongozo kwa Mwenye Kipandauso

Kila ukoo una mtu wa namna hii. Anga bado ni jeupe, nguo ziko kambani, yeye keshafunga pazia na kujikaza kanga kichwani. "Leo itanyesha," anasema, "kichwa kimeshanipa habari." Ikinyesha, watu wanamstaajabia mpaka jioni. Isiponyesha, hakuna anayekumbuka kwamba alisema.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na hasa kwa ajili ya zile siku ambazo haikunyesha. Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka mingi nilikuwa naishtaki masika, mpaka nilipoandika daftari kwa miezi mitatu mfululizo na kukuta kwamba mshtakiwa wangu alikuwa na mshirika. Nitamtaja mbele. Kwa sasa ujue tu tunakokwenda: kupima kama kweli hali ya hewa inakuchokoza, ni hewa ya namna gani, na ufanye nini ikifika.

Kwanza, je, ni kipandauso?

Wengi huita kipandauso maumivu yoyote ya upande mmoja wa kichwa. Wengine wanacho kweli, lakini husema presha imepanda. Weka alama kwenye yale yanayokupata:

□ Maumivu hukaa zaidi upande mmoja, ingawa yanaweza kuhama au kuenea kote.
□ Kichwa kinapwita, kama kuna mtu anatwanga ndani yake.
□ Ukipanda ngazi, ukiinama kufagia au ukitembea haraka, yanazidi.
□ Unapata kichefuchefu, au unatapika.
□ Mwanga na kelele vinakukera, unatamani giza na kimya.
□ Usipotumia dawa, hali hudumu kati ya saa 4 na saa 72.

Ukiwa na alama nyingi hapo, na hali hiyo imeshakurudia mara tano au zaidi, yaelekea ni kipandauso. Baadhi ya watu hutanguliwa na vimulimuli, mistari ya msumeno inayometameta machoni, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni. Hayo kwa kawaida hudumu dakika 5 hadi 60, kisha kichwa huanza.

Dalili za mapema zaidi ndizo watu wengi huzipuuza. Saa kadhaa kabla ya maumivu, na wakati mwingine siku nzima au mbili kabla, mtu hupiga miayo bila kuchoka, shingo hukakamaa, hutamani kitu kitamu, huenda haja ndogo mara kwa mara, hukasirika ovyo, na *mwanga huanza kumkera*. Hilo la mwisho lishike vizuri, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi, nami nitalirudia.

> KICHWA CHENYE HOMA KINA MAMBO MENGINE
> Kipandauso hakileti homa. Mvua zikishapita mbu huongezeka, na kichwa kinachouma pamoja na homa, baridi mwilini au viungo kuuma kinahitaji kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usiseme "ni kipandauso changu tu" kwa sababu umekizoea. Kama kuna tetesi za dengi mtaani kwenu, kaa mbali na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki mpaka upimwe, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli inaruhusiwa.

Hewa inakifikiaje kichwa?

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva, mara nyingi wa kurithi. Duniani wanacho watu zaidi ya bilioni moja, na wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi kubadilishiwa utaratibu. Usingizi ukipungua unalalamika, na ukizidi unalalamika pia. Mlo ukichelewa, hedhi ikikaribia, kahawa ya asubuhi ikikosekana, msongo wa kazi ukiisha ghafla Ijumaa jioni, vyote hivyo unavihesabu. Vikijumlishwa, neva kubwa ya usoni iitwayo trijemina huamka na kumwaga kemikali kwenye utando unaofunika ubongo, na hapo maumivu huanza.

Mabadiliko ya hewa ni mzigo mwingine juu ya mizigo hiyo. Joto hukukausha maji. Mwanga mkali hupita machoni na kuingia kwenye njia zilezile za neva ambazo tayari zina wepesi wa kuamka. Mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya dhoruba, huenda sikio la ndani na mianzi ya pua huhisi tofauti, ingawa hapo wataalamu bado wanabishana.

Utafiti umeonyesha kwamba wagonjwa hawasemi uongo, ila wanatia chumvi. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 walioandika kumbukumbu zao, kisha zikalinganishwa na takwimu za hali ya hewa. Waliojiamini kuwa hewa inawasumbua walikuwa 48. Waliothibitika walikuwa 39. Miaka mitano baadaye, huko Boston, watafiti waliwachunguza watu wapatao elfu saba waliofika idara ya dharura kwa sababu ya kichwa. Joto lilipopanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, hatari ya kufika hospitali siku iliyofuata ilipanda kwa asilimia 7.5. Mgandamizo wa hewa nao ulionekana, lakini kwa unyonge.

Asilimia 7.5 ni kitu, ila si kitu kikubwa. Mtu akikuambia kwamba hewa ndiyo sababu ya *kila* kichwa chake, mwulize alikula saa ngapi.

Pwani yetu si Boston

Programu nyingi za simu zinazotangaza "tahadhari ya kipandauso" hutazama mgandamizo wa hewa. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako dhoruba moja inaweza kushusha mgandamizo kwa hektopaskali 20 au zaidi ndani ya siku moja. Karibu na ikweta mambo ni mengine. Hapa mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: uko juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, uko chini mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Tofauti ni hektopaskali tatu hadi nne hivi, na huja kila siku, iwe masika au kiangazi. Kwa hiyo ukiona simu inakuonya kila alasiri kwamba mgandamizo unashuka, inakusimulia jambo ambalo limekuwa likitokea tangu enzi za babu zako.

Ukikaa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, washukiwa wako wakuu ni wengine: joto la fukuto, mng'ao wa jua, na usingizi unaoharibiwa na vyote viwili. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndiyo migumu. Joto la mchana hupita nyuzi 30, unyevu hewani unazuia jasho kukauka, na usiku haupoi vya kutosha.

Lakini kuna mahali ambapo mgandamizo unashuka kweli hata kwetu, na watu hawapafikirii: safarini. Ukianza kupanda kutoka usawa wa bahari, kila mita 8 hadi 9 zinakupunguzia hektopaskali moja hivi. Anayetoka Dar es Salaam asubuhi na kushuka Arusha jioni, mita 1,400 juu ya bahari, amepoteza takriban hektopaskali 150 kwa siku moja. Hakuna mvua ya masika inayoweza kufanya hivyo. Wa Mombasa anayekwenda Nairobi hupoteza zaidi. Hata ndani ya ndege, hewa hushushwa mpaka kufanana na ya mlimani, kama mita 1,800 hadi 2,400. Kama kichwa hukushika kila ukifika bara, usikimbilie kulaumu baridi ya huko.

Daftari: hatua kwa hatua

Kumbukumbu ya kichwani haiaminiki, maana inahifadhi siku zilizosadifu na kutupa zilizobaki. Chukua daftari la shule la kurasa 48 na kalamu. Simu inafaa pia, lakini siku kichwa kinapouma hutataka kutazama kioo chake.

1. Andika kila jioni kwa siku 90, kwa saa ileile, hata siku ambazo kichwa hakikuuma. Siku nzuri ndizo zinazokupa kipimo.

2. Anza na hali ya hewa kabla ya kichwa. Joto la juu la siku hiyo (chukua kwenye taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya), kisha neno moja: fukuto, mvua, upepo, baridi, au kawaida. Usisubiri kichwa kiume ndipo uende dirishani kutazama mawingu. Kila siku ina wingu la kusingiziwa.

3. Andika mambo matano ya mwili: saa ulizolala, milo uliyoruka, maji (kwa glasi), kahawa au chai ya rangi, na kwa mwanamke, siku ya mzunguko wa hedhi.

4. Kichwa: kilianza saa ngapi, ukali kutoka 0 hadi 10, kiliisha lini. Kama kulikuwa na miayo, shingo au hamu ya sukari kabla yake, andika pia zilianza saa ngapi.

5. Dawa: ipi, kiasi gani, saa ngapi, ilisaidia au la.

Kurasa zangu zilikuwa hivi: *"Alh. 31°, mvua usiku kucha. Usingizi saa 4. Chai tu asubuhi. Maji 3. Kichwa saa 5 asb., 7/10. Shingo tangu alfajiri."* Dakika mbili tu, sio insha.

Kisha piga hesabu

Baada ya siku 90, gawa siku zako mafungu mawili, tuseme siku za fukuto na siku zisizo na fukuto. Hesabu katika kila fungu ni siku ngapi kichwa kilianza. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu wawili, Bi. A na Bw. B, wote na siku 36 za fukuto na 54 za kawaida.

| | Siku za fukuto (36) | Siku za kawaida (54) |
|---|---|---|
| Bi. A | kichwa siku 9 | kichwa siku 6 |
| Bw. B | kichwa siku 4 | kichwa siku 6 |

Bi. A alishambuliwa siku moja katika kila siku nne za fukuto, lakini siku moja katika kila tisa za kawaida. Fukuto linastahili kushukiwa. Bw. B alishambuliwa siku moja katika tisa kwa pande zote mbili. Yeye atakuapia kwamba fukuto linamwua, na zile siku nne anazikumbuka vizuri, lakini daftari lake halimuungi mkono.

Usiishie hapo. Rudi kwenye siku mbaya za hewa na utazame nani alikuwa pamoja nayo. Ndipo nilipomkamata mshirika wa masika. Katika mashambulio yangu saba ya msimu ule, matano yalitanguliwa na usiku wa chini ya saa tano za usingizi. Paa langu la mabati lilikuwa na matundu ya misumari. Mvua ikianza saa nane za usiku, nilikuwa naamka kuhamisha mabeseni, nasikiliza ngoma juu ya kichwa, nalala tena alfajiri, na saa nne au tano asubuhi kichwa kinaanza. Mashambulio mawili yaliyobaki sikuyapatia maelezo, na sitayabuni. Fundi aliziba matundu kwa lami kwa nusu siku. Dawa sikuacha, lakini mabeseni yalirudi bafuni.

Makosa manne katika kushuku hewa

*Kuchanganya mwanzo na chanzo.* Nimesema mwanga huanza kumkera mtu hata kabla ya maumivu. Unatoka nje saa sita, jua linakuchoma macho kuliko kawaida, saa nane kichwa kinapasuka, unasema jua limeniletea. Huenda shambulio lilikuwa limeshaanza tangu asubuhi, na jua lilikuwa la kawaida kabisa. Ndiyo maana daftari linauliza miayo na shingo vilianza saa ngapi.

*Kusahau kalenda.* Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, katikati ya joto la kaskazi. Kichwa cha siku za kwanza za mfungo kinaweza kuwa cha joto, cha njaa, cha maji, au cha kukosa kahawa. Wanywaji wa kahawa wengi hukosea hapa na kulaumu jua.

*Kuhukumu kwa wiki mbili.* Mvua moja na kichwa kimoja havithibitishi kitu.

*Kujifungia ndani.* Mtu akishaamini kwamba jua ni adui, huacha kutembea, huvaa miwani myeusi mpaka sebuleni. Miwani ya giza ndani ya nyumba hufanya macho yazoee giza, na mwanga wa kawaida ukaanza kuuma. Ivae nje, ivue mlangoni.

Ufanye nini kwa kila msimu

Huwezi kuzuia kaskazi isivume. Unachoweza ni kupunguza mizigo mingine siku ambayo hewa imeshaweka wake.

*Kiangazi na joto la kaskazi.* Hapa ndipo pa kuweka nguvu.

1. Anza kunywa maji kabla ya kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyopauka uko salama, ukiwa wa rangi ya chai umechelewa. Mgonjwa wa moyo au wa figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake.
2. Ukitoa jasho jingi, maji matupu hayatoshi. Dafu, uji mwepesi wenye chumvi kidogo, au pakiti ya ORS kutoka duka la dawa vitarudisha chumvi.
3. Usiruke mlo kwa sababu joto limekukata hamu. Kula kidogo: ndizi, embe na karanga, mkate na yai.
4. Kazi ya juani ifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Usipoweza, kama ni mvuvi, fundi ujenzi au mwendesha bodaboda, tafuta kivuli dakika kumi kila saa.
5. Kofia ya ukingo mpana au mwavuli huzidi miwani peke yake. Mng'ao wa maji, mchanga mweupe na vioo vya magari hutoka chini na pembeni, kwa hiyo miwani iwe mipana.
6. Loanisha kanga au taulo, kamua, weka shingoni. Umeme ukikatika usiku na feni ikazima, hii ndiyo feni yako. Jenereta iwe mbali na dirisha. Moshi wake huchokoza kichwa, na ndani ya chumba huua.
7. Ukitoka kwenye jua kali usiingie moja kwa moja kwenye kiyoyozi cha nyuzi 16. Kiweke 25 au 26.

Kwa anayefunga: punguza kahawa kidogo kidogo wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, chelewesha daku badala ya kuiacha, na kunywa maji kwa awamu tangu futari hadi daku badala ya jagi zima kwa mkupuo. Kama mashambulio ni makali, mwone daktari kabla ya mfungo, kwa sababu zipo dawa za kinga zinazomezwa usiku.

*Masika na vuli.* Linda usingizi. Ziba paa, tafuta vizibo vya masikio, lala na kuamka saa zilezile hata Jumapili. Siku za mawingu watu hawasikii kiu, lakini fukuto la kabla ya mvua linakutoa jasho vilevile.

*Kipupwe na baridi ya Julai huko bara.* Funika shingo na masikio asubuhi, hasa kwenye pikipiki. Jiko la mkaa lisilale nawe chumbani: maumivu ya kichwa yanayowapata wote nyumbani kwa pamoja ni dalili ya sumu ya moshi wake. Toeni watu nje mara moja.

*Safari ya kupanda bara au ya ndege.* Lala vya kutosha usiku wa kuamkia safari, kula kabla ya kuondoka, weka maji na dawa yako mfukoni, si kwenye begi lililoko buti. Basi la alfajiri limeshakunyima usingizi na chai kabla halijakutoa pwani.

Shambulio likianza: saa ya kwanza

Dawa ya kipandauso inafanya kazi vizuri ikimezwa mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Baadaye tumbo hulegea na vidonge hukaa humo bila kufyonzwa vizuri. Kosa la kawaida ni kujikaza: "acha nione kama kitapoa."

1. Acha unachofanya. Ukiwa unaendesha, simama pembeni.
2. Meza dawa pamoja na glasi kubwa ya maji. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi: ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900, au parasetamoli miligramu 1000. Chagua moja. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24.
3. Kula kidogo kama unaweza.
4. Chumba chenye giza, kitambaa baridi kwenye paji au shingoni, simu mbali.
5. Ukitapika kila mara, au kama dawa za kawaida hazikusaidii, mwombe daktari dawa ya kichefuchefu, na umwulize juu ya dawa za kundi la triptani, kama sumatriptani, zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hazimfai.

> KABLA YA KUMEZA
> Ibuprofeni na aspirini hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayoamshwa nazo. Mjamzito asimeze yoyote kati ya hizo bila ushauri. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16. Mwanamke anayepata vimulimuli au ganzi kabla ya kichwa amweleze mtoa huduma wa uzazi wa mpango: vidonge vyenye estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi, na zipo njia nyingine.

Sasa onyo ambalo ningeliandika kwa wino mwekundu. Dawa za maumivu zikizidi huzaa kichwa kipya. Ukitumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani, dawa za mchanganyiko au tramadoli siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo huzoea, na kila dawa ikiisha nguvu kichwa hurudi kudai nyingine. Nimeona watu wanaomeza vidonge kila asubuhi Februari nzima "kwa sababu ya joto". Joto liliisha Aprili, kichwa kikabaki. Wengine wana desturi ya sindano ya diklofenaki kila wiki, ambayo ni njia ya kuharibu figo kwa fedha yako mwenyewe.

Usisubiri, nenda hospitali sasa

□ Maumivu makali yaliyolipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja.
□ Homa na shingo iliyokaza, au vipele visivyofifia ukivibonyeza.
□ Mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki sawasawa.
□ Degedege, kuchanganyikiwa au kuzimia.
□ Mtu aliyekuwa juani ana mwili wa moto na anaongea ovyo: hicho ni kiharusi cha joto. Mpoze kwa maji na upepo huku mkitafuta gari.
□ Kichwa kipya kwa mjamzito, hasa akiona ukungu au akivimba uso na mikono.
□ Kichwa kisichoisha kwa siku kadhaa kwa anayeishi na VVU.
□ Kichwa cha aina mpya baada ya umri wa miaka 50, au baada ya kugonga kichwa.
□ Jicho jekundu lenye maumivu na kuona duara za rangi kwenye taa.

Ukienda kwa daktari

Ukipata mashambulio manne au zaidi kwa mwezi, au yakikukosesha kazi, usiridhike na dawa za kutuliza. Zipo za kinga, zinazomezwa kila siku. Propranololi (haimfai mwenye pumu) na amitriptilini ni mbili zinazopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Zinahitaji wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kama zimesaidia, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Kama msimu wako mbaya unajulikana, mwulize daktari kuhusu kuanza Novemba, kabla kaskazi haijaanza.

Usimwambie "kichwa changu kinafuata hali ya hewa", atatikisa kichwa na kuandika parasetamoli. Mfungulie daftari, umwonyeshe siku 90, mashambulio kadhaa, mangapi ya fukuto, mangapi ya usingizi mbovu, na dawa siku ngapi. Kwa dakika chache alizonazo kwako, kurasa hizo zitasema zaidi kuliko wewe.

Anza leo jioni. Andika tarehe, joto, saa ulizolala, na kama kichwa hakikuuma, andika "hakikuuma".